Zamu ya Malkia

JUMATATU, SAA 4:10 ASUBUHI

Mashine ya kusaga ya Mwanaidi, pale Chanika mjini Handeni, ina chumba cha nyuma. Wateja wanajua ni stoo ya pumba. Pumba zipo kweli, magunia kumi na mawili, yamepangwa mlangoni kwa ajili ya macho ya wateja. Ukiyapita unakuta meza, viti vinne, na watu ambao usingependa wajue nyumba yako ina mlango wa aina gani.

Athuman Mhina aliweka picha mezani. Mwanamke wa shaba amekaa kwenye kiti cha enzi, taji kichwani, mkono mmoja gotini.

"Mzigo huu hapa," alisema.

Athuman alikuwa na miaka hamsini na mbili, sauti ya upole, kanzu safi. Ukimwona unaweza kumwachia wanao. Ameiba transfoma, ameiba pampu za visima, ameiba kilomita nzima ya nyaya na wenye nyaya wakamshukuru kwa kuja kuzitengeneza. Hajawahi kulala rumande hata siku moja. Watu wa kazi hiyo walisema ana bahati. Bahati yake ilikuwa imekaa kushoto kwake, miwani puani, inachora ramani kwa penseli. Jina lake Mwanaidi, mkewe mkubwa. Yeye alifikiri, mumewe akaongoza. Sifa akamwachia mume, miaka ishirini na sita, bila kinyongo.

Wengine wawili mezani walikuwa Semboja na Dennis. Semboja, Msambaa wa Lutindi, dereva wa lori lenye kreni, mtu wa maneno machache kama vile anayalipia. Dennis, fundi wa kuchomelea, karakana yake iko Korogwe, midomo yake haina breki.

"Huyu si yule wa Kwasemkole?" aliuliza Dennis. "Wa njia panda?"

"Ndiye."

Kila anayepita barabara ya Handeni na Korogwe anamjua. Mzungu mwenye shamba la mkonge alimleta zamani hizo, akamweka juu ya jiwe katikati ya njia panda, ili watu wakumbuke kwamba malkia wao aliwahi kutawala miaka sitini. Shamba limekufa. Mzungu amekufa. Malkia bado amekaa, na makondakta hadi leo wanagonga bati la basi wanasema, "Malkia, washushe Malkia." Tanga kulikuwa na mtu anakusanya vitu vya kale. Alimtaka mzima, bila mkwaruzo.

"Tunamchukua mchana," alisema Mwanaidi. "Saa saba. Usiku watu wanashtuka. Mchana wanaangalia tu. Nyinyi mna reflekta na kofia ngumu, mimi nina faili na barua yenye muhuri. Sanamu inakwenda kukarabatiwa. Dennis anakata bolti nne kwa grenda. Semboja ananyanyua. Dakika arobaini. Jumatano jioni Malkia yuko hapa, nyuma ya pumba. Jumamosi mnunuzi anakuja, naongea naye mimi."

Ulikuwa mpango mzuri. Aliutunga wiki tatu, akaupenda.

Athuman akakohoa. "Kuna badiliko dogo, mama Ukasha. Tutafanya Alhamisi."

"Kwa nini Alhamisi?"

"Alhamisi ni gulio. Kwasemkole nzima inahamia gulioni, hata mtendaji. Njia panda inabaki na kuku."

"Nani kasema?"

Athuman aliitazama picha. "Yusra."

Dennis akainua macho kuangalia dari. Dari ya chumba kile haina kitu cha kuangalia.

Yusra ni mke mdogo. Fundi cherehani, anakaa Manundu, Korogwe, na kila Alhamisi asubuhi anauza magauni gulioni, kwa hiyo alilolisema lilikuwa kweli. Hilo ndilo lililomuuma Mwanaidi zaidi.

Hapa lazima ueleweshwe. Athuman alipomwoa Yusra miaka mitatu iliyopita, Mwanaidi hakulia, hakuvunja sahani. Alikaa akaandika sheria. Wiki kwa Handeni, wiki kwa Korogwe. Kubadilishana ni Alhamisi, adhana ya magharibi, si kabla. Na mali ya kazi hulala pale anapolala mzee usiku huo, na mwenye nyumba ndiye anayekaa na mnunuzi. Athuman alizishika sheria hizo hadi watu wa msikitini wakamtolea mfano. Siku ya kwenda Korogwe akifika mapema alikaa kwenye benchi la kahawa pale stendi hadi adhana itolewe. Miaka mitatu. Mwanaidi angeweza kuvumilia mengi kwa sababu ya benchi lile.

Usiku wa Jumatano ulikuwa wake. Usiku wa Alhamisi ulikuwa wa Yusra.

"Sawa," alisema, akafuta siku kwenye ramani. "Alhamisi."

JUMATANO, SAA 5:30 ASUBUHI

Yusra alishuka kwenye basi na mfuko wa reflekta alizoshona mwenyewe. Miaka ishirini na tisa. Alipiga goti dogo mlangoni.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umekonda. Hulishwi?"

"Nakula, dada. Joto tu."

Alimvalisha Mwanaidi reflekta, akaibana kiunoni kwa pini. Vidole vyepesi. Mwanaidi alisimama kama anayepimwa sanda. Alitafuta kasoro kwenye mshono, akatafuta tena. Mshono ulikuwa mzuri.

"Uani kwangu nimeshafagia," alisema Yusra, pini mdomoni. "Nimemshonea Malkia na shuka la kumfunika, la maua. Baba kasema mgeni wa Tanga nimpikie wali wa nazi."

"Kasema hivyo?"

"Kasema mnunuzi akishiba habishani."

Maneno hayo yalikuwa ya Mwanaidi. Alimwambia Athuman mwaka ule walipouza pampu ya kwanza, wakiwa na mkeka mmoja na sufuria moja. Sasa yalikuwa yanatoka kwenye mdomo huu wenye pini.

Yusra alipoondoka, Mwanaidi alikaa kuandika upya barua ya kibali, maana tarehe ilibadilika. Mwandiko wake wa kiserikali haukuwa na mfano Handeni nzima. Aliweka namba ya kumbukumbu, akaweka sahihi ya injinia asiyekuwepo duniani, akabonyeza muhuri. Wivu wa watu wengine unapiga kelele. Wa Mwanaidi ulikuwa unafanya kazi kwa unadhifu.

ALHAMISI, SAA 7:05 MCHANA

Njia panda ya Kwasemkole ilikuwa tupu, kama Yusra alivyosema. Kuku, mbuzi wawili, na mama muuza chai anaitwa Bernadina. Lori lilirudi nyuma taratibu. Semboja akashusha miguu ya kreni. Dennis akaweka vizuizi vya njano barabarani. Athuman, kofia nyeupe kichwani, alisimama na kipimo cha rula akipima asichokijua.

Bernadina alikuja akifuta mikono kwenye kanga.

"Jamani, mnampeleka wapi?"

"Ukarabati, mama," Mwanaidi alisema, akafungua faili. "Barua hii hapa. Wiki sita anarudi."

Bernadina aliisoma yote, hadi namba ya simu chini. Mwanaidi alihesabu pumzi. Ilikuwa barua nzuri mno kwa mtu kuitilia shaka.

"Sawa. Ila ngoja niondoe vyombo vyangu." Alipanda juu ya jiwe, akaokota sufuria mbili na bakuli zilizokuwa zinakauka mapajani mwa Malkia. Kisha akamfuta vumbi usoni kwa pindo la kanga. "Mtunzeni. Ana ubovu nyuma, huku mgongoni kuna ufa."

SAA 7:19. Grenda ikalia. Bolti ya kwanza ikakatika. Ya pili ikakatika.

SAA 7:31. Diski ikapasuka kwenye bolti ya tatu. Kipande kikapita sikioni mwa Dennis.

"Duh. Hiki chuma ni cha shetani."

"Weka nyingine," alisema Athuman.

"Nimebaki na moja, mzee."

"Basi moja inatosha."

SAA 7:38. Pikipiki ya askari ikatokea upande wa Sindeni. Semboja akashika usukani kwa mikono miwili. Athuman hakugeuka. Mwanaidi alitembea hadi katikati ya barabara, akanyoosha mkono kumsimamisha askari, akamwonyesha apite upande wa kulia, pole pole, kuna mafundi. Askari akatii. Akapunga na mkono.

Dennis alicheka hadi akakaa chini. "Mama wewe ni noma."

SAA 7:52. Bolti ya nne ikaachia. Mnyororo ukakaza. Malkia akanyanyuka kwenye jiwe lake, akaning'inia hewani na kiti chake, akizunguka kidogo, uso ukiwatazama mmoja mmoja. Akashuka ndani ya lori, juu ya magunia ya pumba. Turubai. Kamba.

Mwanaidi alikuwa amesimama pale ambapo jiwe lilikutana na majani. Aliijua sehemu hiyo. Alikuwa na miaka kumi na tisa, anaanika singa za mkonge kwenye kamba, na kijana mpakizi wa marobota alimkalisha hapa, migongo ikiegemea jiwe, akamwambia hana kitu lakini ana nguvu. Alikubali hapa hapa.

Athuman alimjia, simu mkononi. "Kazi safi, mama Ukasha."

"Unapakumbuka hapa?"

"Wapi?"

"Hapa tuliposimama."

Athuman aliangalia chini, akaangalia pembeni. Alijitahidi, Mungu anajua alijitahidi. "Si Kwasemkole?"

Simu ikaita kidogo, ujumbe. Akausoma. Akatabasamu tabasamu ambalo Mwanaidi hakuwa ameliona siku nyingi, na halikuwa lake.

"Yusra anauliza geti afungue lote au nusu," alisema, akalichukua faili la barua mkononi mwa Mwanaidi. "Twende, vijana."

Hapo ndipo subira ilipokatika. Siku zote tatu zile alikuwa anauchezea uamuzi bila kuufanya. Sasa aliufanya, akasikia utulivu wa ajabu, na njaa.

SAA 9:40 ALASIRI

Alirudi Handeni kwa basi, akafunga mashine, akakaa stoo peke yake na hesabu yake. Alihesabu jambo hilo kwa unadhifu ule ule wa mipango yote.

Lori limefika Manundu saa nane na nusu. Saa tisa limeshashusha. Semboja ameondoka nalo kwenda Lutindi, Dennis yuko karakana. Athuman yuko stendi, kwenye benchi la kahawa, hadi adhana, kama miaka yote. Kwa hiyo kuanzia saa tisa hadi magharibi, ndani ya geti lile kuna watu wawili tu. Yusra na Malkia.

Hakutaka mumewe aguswe. Hakutaka vijana waguswe. Alitaka kitu kimoja, na alikijua kwa jina.

Aliweka laini nyingine kwenye simu, akawapigia polisi wa Korogwe.

"Sanamu iliyong'olewa Kwasemkole leo," alisema, sauti ya pua. "Iko Manundu. Nyumba ya fundi cherehani, geti la bluu. Yuko mwanamke peke yake. Muwahi."

Akaivunja laini kwa meno. Akala ugali wa mchana uliopoa, akaumaliza.

SAA 11:15 JIONI

"Mama," ilikuwa sauti ya Dennis, anahema. "Tumeungua. Njagu wamejaa Manundu. Defenda mbili za polisi. Kuna mtu katuchoma."

"Wamemkamata Yusra?"

"Wamemkamata na mzee."

Mwanaidi alisimama. "Mzee yupi?"

"Mzee wetu huyu, mama. Wamemtoa na msuli, hana hata viatu. Alikuwa anakula."

"Dennis, sikiliza. Mzee yuko stendi. Kahawani. Ni saa kumi na moja, magharibi bado."

Dennis akashusha sauti. Kwa Dennis, hilo ni jambo la kutisha.

"Mama, karakana yangu si inatazamana na geti lile? Kila Alhamisi ya zamu ya huku, mzee saa nane na nusu yuko ndani. Ikikaribia adhana anatoka kwa mlango wa uani, anakwenda stendi, anakaa kwenye benchi watu wamwone, ndiyo anarudi. Sisi tulidhani unajua."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo, mama."

Alikata simu. Kichwa chake, kilichozoea hesabu, kikaanza bila kuombwa. Saa nne kila wiki mbili. Mara ishirini na sita kwa mwaka. Miaka mitatu. Ikatoka siku kumi na tatu kamili, mchana na usiku wake. Mwizi aliyeiba kila kitu mkoa mzima kumbe aliiba na kwake, kidogo kidogo, na genge zima lilikuwa linajua. Alilia. Alilia kwa sauti, juu ya gunia, na adhana ya magharibi ikamkuta hapo.

IJUMAA, SAA 3:20 ASUBUHI

Kwa nini alikwenda kituo cha polisi Korogwe, hata yeye asingekueleza vizuri. Mume akiwa ndani, mke hupeleka chai. Alibeba chupa, chapati sita kwenye hotipoti, akavaa baibui lake la Idd. Angeweza kupanda basi la Dodoma akapotea. Hakuna aliyekuwa anamtafuta.

Kopla wa kaunta aliitwa Habakuki, kibao kifuani kilisema hivyo. Mtu mtaratibu, biro nyuma ya sikio.

"Umemletea nani?"

"Athuman Mhina."

"Wewe ni nani wake?"

"Mkewe."

Kopla alifungua kitabu, akapita na kidole. "Mama, hapa kaandikisha mke mmoja. Anaitwa Yusra, na tunaye humu ndani."

Mwanaidi aliweka chupa juu ya kaunta. "Angalia vizuri."

"Nimeandika mwenyewe. Kasema hana mke mwingine wala nyumba nyingine. Mchongo wote kaupanga na huyo mkewe. Ramani, muhuri, ile barua. Barua ile, mama, hata bosi wangu kaisifu. Binti amekubali. Kasema kaiandika yeye."

Mlango wa korido ulifunguliwa. Walikuwa wanampeleka Athuman kutoa maelezo, pingu mikononi, msuli ule ule. Alimwona. Macho yakamtoka, kisha akayashusha haraka, akatikisa kichwa mara moja, kidogo sana. Nenda nyumbani.

"Huyu mama unamjua?" aliuliza Kopla.

"Simjui, afande," alisema Athuman. "Nadhani amekosea."

Mlango ukafungwa.

Mwanaidi si mjinga. Alielewa kabla mlango haujagonga fremu. Wamekaa ndani humo usiku kucha, mume na mke mdogo, wakakubaliana wamwache yeye nje. Kwa ajili ya mwanawe Ukasha anayesoma, kwa ajili ya mashine, kwa ajili ya miaka ishirini na sita. Yule binti alikuwa amejibebesha kifungo kisicho chake ili yeye arudi Handeni akasage mahindi. Ilikuwa heshima kubwa kuliko yote aliyowahi kupewa. Alichotakiwa kufanya ni kuchukua chupa yake na kusema samahani afande, nimekosea kituo.

Aliishika chupa. Hakuinyanyua.

Mke mmoja. Jina la Yusra kitabuni, kwa wino. Barua yake, muhuri wake, sahihi ile aliyoifanyia mazoezi siku tatu usiku, vyote vya Yusra, na mahakamani vitasomwa hivyo, na magazeti yataandika fundi cherehani mwenye akili. Na yeye ni mama aliyekosea. Akili ilimwambia ondoka. Wivu ulikuwa umeshavuta kiti.

"Yule anashona," alisema.

"Unasemaje?"

"Nasema yule anashona. Hajui kuandika barua ya serikali. Muulize kumbukumbu namba inakaa upande gani wa karatasi, uone kama atakujibu. Nipe biro."

"Mama, hebu nenda nyumbani."

"Nipe biro."

Kopla Habakuki alimtazama, kisha akaitoa biro nyuma ya sikio. Mwanaidi alivaa miwani. Aliandika kwa nafasi yake, bila kufuta neno, kichwa cha barua, namba ya kumbukumbu, yah: ukarabati wa sanamu, na chini kabisa ile sahihi ya injinia asiyekuwepo duniani, na mkia wake uliopinda. Kopla alitoa barua iliyokamatwa, akaziweka sambamba. Alizitazama kwa muda mrefu. Akaita mwenzake, naye akazitazama.

Kisha Kopla akafungua ukurasa mpya wa kitabu. Sauti yake ilikuwa ya upole, karibu ya huzuni.

"Jina?"

Akalitaja.

"Uhusiano na mtuhumiwa?"

"Andika mke mkubwa," alisema Mwanaidi, akainama juu ya kaunta kuhakikisha.

Kopla akaandika hivyo. Kisha akamwomba simu, hereni na viatu.